Kichanga: mboji peke yake imenishinda, mbolea ya chumvichumvi peke yake imenikimbia. Mnachanganyaje?

#1 Mchanga Mtupu (mleta uzi)

Wakuu, habari.

Kila nikiingia kwenye nyuzi za kilimo nakuta ligi ileile: huku timu mboji, kule timu mbolea ya chumvichumvi, katikati matusi. Mimi nimechezea timu zote mbili na kote nimefungwa, kwa hiyo naomba nieleze vipigo vyangu halafu mnirekebishe.

Udongo wangu ni kichanga hasa. Wenye udongo tifutifu wanaweza kuuloanisha wakausokota ukawa kama mkia wa panya. Wangu nikiuloanisha, nikaukamata kwenye ngumi na kufungua kiganja, unamwagika kama sukari.

Msimu wa kwanza nilitumia mbolea ya chumvichumvi tu. Ya kupandia niliweka vizuri. Mahindi yalipofika magotini nikaweka urea yote ya msimu kwa mkupuo mmoja, nikajipongeza. Usiku wake ikashuka mvua ya nguvu. Wiki mbili baadaye majani ya chini yakaanza umanjano kwenye ncha, ukarudi nyuma kupitia katikati ya jani kwa umbo la V huku kingo zikibaki kijani. Hiyo ni njaa ya naitrojeni, na ninaijua. Mfuko nimeumaliza, mmea una njaa! Mvua ya milimita 50 kwenye mchanga mkavu inaweza kuzama karibu nusu mita, na naitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini, haina pa kujishikiza, inateremka na maji. Mizizi ya mahindi yangu ilikuwa bado iko juu inashangaa.

Msimu uliofuata nikaokoka. Mboji tu, chumvichumvi sitaki kusikia. Mahindi hayakunyauka haraka jua lilipokaza, hilo niliona kwa macho yangu. Lakini yalidumaa. Yalikaa pale kama watoto waliokatazwa kukua, na mahindi yakatoka madogo, mengine hayakujaza punje hadi nchani.

Ndipo nikakaa chini na kalamu. Tuseme mtu ameweka tani 10 za mboji kwa hekta, sawa na kilo moja kwa kila mita ya mraba. Mboji ina unyevu, toa asilimia 40, zinabaki tani 6 kavu. Naitrojeni iliyomo tuseme ni asilimia 1.5, hiyo ni kilo 90. Unaona nyingi? Ngoja. Mboji iliyoiva huachia kama asilimia 10 hadi 20 tu ya naitrojeni yake msimu wa kwanza. Kwa hiyo mmea unapata kilo 9 hadi 18. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23. Yaani tani 10 nilizobeba kwa toroli mpaka kiuno kikalia hazifikii mfuko mmoja! Na mahindi ya kutoa tani 5 kwa hekta yanahitaji kama kilo 100.

Siku hizi nachanganya. Kila shimo la kupandia naweka viganja viwili vilivyojaa vya mboji, nafukia kidogo, pembeni naweka mbolea kidogo ya kupandia, kisha mbegu. Ya kukuzia naigawa mara tatu. Tofauti ninaiona, na naamini ni kwa sababu mboji inaishika urea isizame.

Naomba mnisaidie mawili. Moja, kuna namna ya kupunguza kiasi cha mboji? Mgongo si wa chuma. Mbili, kuna mwenye uzoefu wa kuchanganya kwenye bustani, hasa nyanya?

#2 Jembe Kongwe

Mkuu, mboji yako ilikuwa mbovu, usiisingizie. Mimi ni mwaka wa ngapi sijui sijagusa mbolea ya chumvichumvi na nakula, nauza. Hizo chumvi zinaua udongo. Ukianza huachi, ni kama sigara.

#3 Ngoja Mvua

Jembe Kongwe, wewe unalima udongo gani?

#4 Jembe Kongwe

Mweusi, wa bondeni. Lakini kanuni ni ileile.

#5 Ngoja Mvua

Haya, tumeelewana 😂

#6 Kipima Udongo

Kanuni si ileile, mzee wangu, na sisemi kwa ubishi. Udongo mweusi wa bondeni una ghala lake tayari. Kichanga hakina.

Kuna kipimo cha uwezo wa udongo kushika virutubisho vyenye chaji chanya: amoniamu, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu. Kwa vizio vya kawaida vya maabara, kichanga huwa kati ya 1 na 5. Mfinyanzi mzuri unaweza kuwa 30 au 40. Mabaki ya viumbe yaliyooza yakaiva kabisa, yakipimwa yenyewe, ni 150 hadi 300. Kwa hiyo kwenye kichanga karibu uwezo wote wa kushika chakula unatoka kwenye hiyo mboji, maana mchanga wenyewe ni vipande vya mawe tu.

Ila mleta uzi, kuna mahali umeteleza. Mboji haiishiki urea. Urea ikiwa bado urea haina chaji, inayeyuka na kwenda na maji kama sukari kwenye chai. Ndani ya siku chache vimeng'enya vya udongoni vinaigeuza kuwa amoniamu. Hiyo ina chaji chanya, mboji ina chaji hasi, na hapo ndipo inakamatwa. Baadaye bakteria wanaigeuza amoniamu kuwa naitreti, yenye chaji hasi, na mboji inaiachia. Umeona? Mboji inaichelewesha safari tu, haifungi mlango. Ndiyo maana kugawa mara tatu kunakusaidia sana, pengine kuliko unavyodhani. Na ile mvua iliyonyesha usiku uleule iliikuta urea yako ikiwa bado urea. Ingeikuta imeshageuka amoniamu, hasara ingekuwa ndogo.

Kuhusu "chumvi zinaua udongo", Jembe Kongwe hajakosea kabisa. Kule Uingereza kuna mashamba ya majaribio ya Woburn, yalianza 1876 kwenye udongo wa kichanga. Viwanja vilivyopewa chumvi za amonia mwaka baada ya mwaka vilizidi kuwa na tindikali mpaka shayiri ikakataa kuota vizuri. Vilipowekwa chokaa vikapata nafuu. Kwa hiyo udongo haukufa, ulichachuka. Kichanga kinachachuka upesi kwa sababu hakina cha kuzuia. Mboji inazuia kidogo, chokaa inarekebisha, na kupima pH (kiwango cha tindikali) kila baada ya misimu michache si anasa.

#7 Mchanga Mtupu (mleta uzi)

Shukrani mkuu, hiyo ya urea kutokuwa na chaji sikuijua. Nilikuwa nahubiri uongo kwa majirani.

#8 Mama Vitalu

Jamani na mimi naomba msaada. Nilichanganya mboji na mbolea ya kupandia kwenye shimo moja nikapandikiza miche ya nyanya humohumo. Siku ya tatu kingo za majani zikawa kahawia kama zimepigwa pasi, miche mingine ikalala kabisa. Maji nilimwagia asubuhi na jioni. Tatizo ni mboji au mbolea?

#9 Kipima Udongo

Pole mama. Mbolea uliweka kiasi gani kwa shimo, na ilikaa wapi?

#10 Mama Vitalu

Kijiko cha chakula kilichojaa. Niliikoroga na mboji chini ya shimo, mche juu yake.

#11 Kipima Udongo

Hapo ndipo ilipoungulia. Kijiko cha chakula kilichojaa kinafika gramu 15 na zaidi, na mizizi uliikalisha juu yake. Mbolea ya chumvichumvi ni chumvi kweli, si jina tu. Ikiwa nyingi kwenye maji ya udongo, inauzuia mzizi usinywe, na ikizidi inaunyonya mzizi maji yake yenyewe. Mfinyanzi una pa kuificha sehemu ya chumvi hiyo, kichanga hakina. Kikikauka mchana, maji yanapungua na chumvi inabaki palepale, ukali unapanda. Kama mbolea yenyewe ilikuwa DAP (mbolea ya kupandia yenye amonia na fosforasi), ongeza na amonia inayofuka karibu na mizizi michanga.

Mboji changanya na udongo wa shimo lote, hiyo haina shida. Mbolea ikae pembeni, kama sentimita 5 kutoka kwenye mbegu na sentimita 5 chini zaidi. Kwa mche wa nyanya ni afadhali usubiri ushike kwanza, siku 7 hadi 10, ndipo uizungushie kidogo kwa duara, ufukie, umwagie. Iliyolala ng'oa. Ile iliyoungua kingo tu, mwagia maji mengi mara moja yashushe chumvi, halafu rudi kwenye umwagiliaji wako wa kawaida.

#12 Mama Vitalu

Asante sana mwanangu. Nilidhani nikiikoroga na mboji ndiyo inapoa.

#13 Fundi Toroli

Mleta uzi, kwenye swali lako la mgongo. Usitandaze shamba zima. Piga hesabu uone kwa nini.

Tabaka la juu la sentimita 15 kwenye mita moja ya mraba lina uzito wa kama kilo 225. Wewe unalitupia kilo moja ya mboji, kavu ni gramu 600. Hiyo haifiki hata asilimia 0.3. Ni kutia chumvi baharini. Sasa chukua shimo la sentimita 20 kwa 20, kina 15. Lina mchanga kama kilo 9. Viganja viwili vilivyojaa ni kama gramu 300 za mboji yenye unyevu, kavu 180. Hiyo ni asilimia 2, mara saba ya kutandaza, na iko palepale mzizi unapoanzia maisha.

Ukipanda mistari ya sentimita 75 na shimo kila sentimita 60, una mashimo 22,222 kwa hekta. Zidisha kwa gramu 300, ni tani 6.7. Bado ni mzigo, sikatai. Ila msimu ujao rudi kwenye mashimo yaleyale kama unaweza, usichimbe mapya. Weka vigingi pembeni. Baada ya misimu mitatu minne ukichimba pale utaona rangi imebadilika, na nyungunyungu wamehamia.

Mbolea nayo fanya hivyohivyo. Kule Sahel, kwenye michanga ya Niger, wakulima walifundishwa kupima mbolea kwa kifuniko cha chupa ya soda, gramu 6 hivi kwa shimo. Kwa mashimo 22,222 hiyo ni kilo 133 kwa hekta. Ikiwa ni NPK 17-17-17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa pamoja) umeweka kama kilo 23 za kila kirutubisho. Kidogo, lakini kiko mdomoni kwa mmea.

#14 Mchanga Mtupu (mleta uzi)

Kifuniko cha soda ninacho, ila nimejaribu sasa hivi. Nimejaza vifuniko kumi vya NPK nikapima kwa mizani ya jikoni, nikajaza kumi vya urea nikapima. Urea imekuja nyepesi kabisa. Kwa hiyo wanaosema "kifuniko kimoja" bila kutaja mbolea gani wanatudanganya.

#15 Fundi Toroli

Sahihi. Jaza kumi, pima, gawa kwa kumi, andika kwa wino kwenye kifuniko chenyewe. Cha urea kiwe rangi nyingine, usije ukachanganya gizani.

#16 Jembe Kongwe

Naona mnanipita pembeni. Swali langu hamjajibu. Kwa nini usiongeze mboji tu mpaka itoshe? Naitrojeni ni naitrojeni.

#17 Kipima Udongo

Inawezekana, mzee, na kwenye bustani ndogo ya nyuma ya nyumba ndiyo njia nzuri kabisa. Lakini chukua hesabu ya mleta uzi uigeuze. Unataka kilo 100 za naitrojeni msimu huu, mboji inaachia asilimia 15. Unahitaji iwe na naitrojeni kilo 667, hiyo ni tani 44 kavu, tani 70 na zaidi ikiwa na unyevu. Kwa hekta moja, msimu mmoja. Majani na samadi ya kutengeneza tani 70 yanatoka wapi? Yanatoka kwenye shamba la mtu mwingine. Hilo shamba unalivua nguo ulivishe lako.

Halafu mboji haiji na naitrojeni peke yake. Ukiweka tani 70 kila msimu, fosforasi inajilimbikiza kupita mahitaji, na kwenye kichanga ikizidi sana nayo inaanza kuvuja kwenda kwenye visima na mito. Watu wanadhani ni urea pekee inayochafua maji.

Upande wa pili, mboji ina vitu ambavyo urea haina hata chembe: salfa, magnesiamu, zinki, boroni. Kichanga huwa maskini wa hivyo vyote. Mtu akilima kwa urea na DAP tu, miaka inapita, siku moja anaona majani machanga yamepauka na urea haisaidii. Hiyo mara nyingi ni salfa. Naitrojeni ikikosekana umanjano unaanzia majani ya zamani, salfa ikikosekana unaanzia machanga. Wanaozijua dalili hizi huokoa msimu.

#18 Jembe Kongwe

Hapo kwenye kulivua nguo shamba la mwingine umenigusa. Mimi majani nakata kwa jirani.

#19 Ngoja Mvua

😂😂 Mzee amekiri.

#20 Shamba Darasa

Wakuu naongeza kidogo kwenye ile ya mleta uzi kudumaliwa na mahindi msimu wa mboji tupu. Uliiivisha muda gani? Maana kudumaa vile kunaweza kusiwe uhaba tu. Mboji mbichi inaiba naitrojeni.

Lundo likiwa na mabua, maranda, majani makavu mengi, kaboni inakuwa nyingi kuliko naitrojeni. Mabua ya mahindi ni kama 60 kwa 1, maranda ya mbao yanaweza kupita 400 kwa 1. Bakteria wanataka naitrojeni ya kujengea miili yao ndipo waozeshe hiyo kaboni. Usipowapa wanaichukua udongoni, mmea unasubiri mpaka wao wale washibe wafe. Mboji iliyoiva iko chini ya 20 kwa 1. Ikipita 25 au 30 jiandae kuibiwa.

#21 Mchanga Mtupu (mleta uzi)

Wiki tano. Mabua yalikuwa bado yanaonekana ni mabua. Kwa hiyo nililisha bakteria msimu mzima? Jembe Kongwe, samahani mzee, kumbe mboji yangu kweli ilikuwa mbovu.

#22 Jembe Kongwe

Nilisema.

#23 Dada Kitivo

Jinsi ya kujua imeiva: achana na kuhesabu wiki, lundo haliangalii kalenda. Chomeka chuma cha nondo katikati, kiache dakika kumi, kitoe ukishike. Lundo linalofanya kazi linakuunguza, ndani ni nyuzijoto 55 hadi 65, na joto hilo likikaa siku kadhaa linaua mbegu za magugu na vimelea vingi. Likipoa, ligeuze na ulinyunyize maji. Likipanda joto tena, bado. Likigeuzwa na kumwagiwa na lisipande tena, limechoka kuoza haraka, liache litulie wiki chache.

Kisha chukua konzi moja yenye unyevu, funga kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, weka ndani siku tatu. Fungua unuse. Harufu ya udongo baada ya mvua, tumia. Harufu ya kuchacha au ya mkojo, rudisha kwenye lundo.

Na la mwisho, wengi hawalifanyi: otesha maharage kwenye kopo lenye mboji yako iliyochanganywa na mchanga, na kopo lingine lenye mchanga usio na mboji. Subiri wiki mbili tatu. Kama nyasi au samadi ilitoka mahali palipopigwa dawa ya kuua magugu ya majani mapana, maharage yatatoka yamejikunja na kusokoteka. Dawa za jamii ya aminopiralidi zinapita tumboni mwa ng'ombe na kukaa kwenye mboji miezi mingi bila kufa. Mahindi hayaoni kitu kwa sababu nayo ni nyasi. Nyanya na maharage vinakwisha.

#24 Mama Vitalu

Uwii. Kumbe. Mwaka juzi nyanya zangu zilijikunja juu kama jongoo nikaambiwa ni virusi.

#25 Dada Kitivo

Inaweza kuwa virusi kweli, dalili zinafanana, siwezi kusema kwa mbali. Jaribio la makopo litakuambia kuhusu mboji, virusi ni habari nyingine.

#26 Ngoja Mvua

Swali la mvivu. Kwa nini nisiweke urea ndani ya lundo la mboji tangu mwanzo, nikamaliza yote kwa pamoja?

#27 Shamba Darasa

Swali zuri, si la uvivu. Kama lundo lako ni mabua matupu na huna samadi wala majani mabichi, urea kidogo iliyoyeyushwa kwenye maji, ukanyunyiza kila tabaka, inaharakisha. Kidogo. Ukizidisha, lundo lina joto na unyevu, urea inageuka amonia na kuruka hewani, utanusa kuanzia barabarani. Lakini usitegemee kwamba hiyo urea ndiyo itakayokuzia mahindi. Sehemu kubwa inayobaki inakuwa miili ya bakteria, inaachiwa polepole. Ya kukuzia bado utaihitaji.

#28 Mchanga Mtupu (mleta uzi)

Nimerudi na kitu. Jana nilichukua makopo mawili ya rangi, nikatoboa matundu chini kwa msumari. Moja mchanga wangu mtupu, lingine mchanga na mboji, sehemu tano kwa moja. Yote niliyaloanisha kwanza nikaacha yachuruzike. Kisha kila moja kijiko cha chai cha urea juu, kesho yake lita moja ya maji polepole, na bakuli chini.

Kopo la mchanga mtupu lilimaliza kutiririka kabla sijamaliza kukunja mikono ya shati. La mboji lilichukua muda, likaendelea kudondosha tone moja moja mpaka nikaondoka, na maji yake yalitoka rangi ya chai. Bakuli la mchanga mtupu limejaa zaidi. Yale maji nimeyamwagia kwenye nyasi mbili tofauti uani, tuone ipi itakuwa kijani zaidi. Najua si utafiti, mke wangu ameshanicheka vya kutosha.

#29 Kipima Udongo

Acha akucheke, umeona maji yanavyokwenda, wengi hawajawahi kuona. Ila kumbuka niliyosema #6. Siku moja ni fupi, sehemu ya urea bado haikuwa imegeuka, hasa kwenye mchanga mtupu ambako vimeng'enya ni vichache. Rudia, safari hii uache siku tano bila kumwagia, uone.

Na kwa wote wenye kukuzia: urea ifukieni, hata sentimita 5. Ikikaa juu ya mboji ambayo ina vimeng'enya vingi, inageuka amonia haraka na kupeperuka. Mboji inayookoa naitrojeni chini ndiyo hiyohiyo inayoipoteza juu.

#30 Mchanga Mtupu (mleta uzi)

Potasiamu nayo niigawe?

#31 Kipima Udongo

Kwenye kichanga, ndiyo, nusu kupandia na nusu na kukuzia ya kwanza. Fosforasi weka yote kupandia, haisafiri sana, na mche unaitaka mapema. Naitrojeni robo kupandia, iliyobaki mara mbili au tatu. Na msiangalie tarehe tu, angalieni mbingu: mvua kubwa ikinukia, subiri ipite.

#32 Fundi Toroli

Tena msidhani mkishaweka mboji mmemaliza. Kwenye joto, kichanga kinaila haraka, maana hakuna mfinyanzi wa kuikumbatia. Kila msimu rudisha, hata kiganja kimoja, na mabua acha juu yafunike.

#33 Mvuvi Mkulima

Nimesoma uzi wote, asanteni. Mimi jana nimechanganya ndoo mbili za mboji mbichimbichi kidogo, ndoo ya majivu ya kuni kwa ajili ya potasiamu, na SA (salfeti ya amonia) nusu ndoo, nikakoroga pamoja. Nataka kupandia Jumamosi. Kuna harufu inawasha macho, ni kawaida?

#34 Dada Kitivo

Hapana ndugu yangu. Majivu ni kama chokaa. Yakikutana na SA, au DAP, au hata samadi mbichi, palipo na unyevu, amonia inafukuzwa. Inayokuwasha macho ndiyo naitrojeni uliyoinunua. Majivu na chokaa viende shambani mapema, wiki mbili au zaidi, mbolea zenye amonia baadaye.

#35 Mvuvi Mkulima

Lo. Sasa nitupe?

#36 Dada Kitivo

Usitupe, potasiamu na salfa bado zimo. Ipeleke shambani, itandaze kwenye eneo pana, ichanganye na udongo unyevu, ifunike kwa sentimita 10. Udongo utakamata kiasi cha amonia iliyobaki. Usipandie juu yake Jumamosi, ipe wiki mbili. Kisha kukuzia utaangalia majani, yakianza ile V ya mleta uzi unaongeza kidogo.

#37 Mvuvi Mkulima

Sawa, nitafukia kesho asubuhi jua likitoka.

#38 Dada Kitivo

Fukia leo. Kama bado inanuka, bado inaondoka.